Maputo Mawili na Utepe wa Wifi

Jumanne, 4 Machi
Chafya moja, mkojo umenitoka, sketi ya tatu leo. Mbele ya mteja! Fundi cherehani mzima, nawavisha watu harusini, mwenyewe nabadilishwa kama mtoto mchanga. Mjukuu kanikimbilia nimbebe, nikasingizia mgongo. Imeniuma sana.

Daktari anasema kwa kuwa mazoezi ya kukaza misuli hayakufaa (nilimwambia nimeyafanya miezi minne, ni siku nne), nichague upasuaji. Ama utepe wa plastiki chini ya mrija wa mkojo: kidonda kidogo, napona haraka, ila kwa wengine utepe huja kusumbua baadaye. Ama kuinua shingo ya kibofu kwa nyuzi: hakuna utepe, lakini kidonda kikubwa na siku kadhaa wodini. Nimpe jibu Ijumaa saa nne. Nikikosa, nafasi anapewa mwingine, nami nisubiri mwaka.

Wifi aliwekewa utepe. Sasa anaruka kamba na watoto mlangoni kwangu. Makusudi! Basi mimi nyuzi.

Jumatano, 5 Machi
Ila nithibitishe kitaalamu. Nimejaza maji maputo mawili. La kwanza nimelifunga utepe, nikalikalia, nikakohoa. Limestahimili, shenzi. La pili nikalishona.

Puto halishoniki. Maji yote kwenye gauni la bibi harusi! Mama yake amesema maneno nisiyoweza kuyaandika.

Alhamisi, 6 Machi
Wifi kaja kunisaidia kupiga pasi gauni lililolowa. Akasema taratibu kwamba naye alikuwa akijificha, kwamba daktari hashangai kitu, na kwamba kesho atanisindikiza kliniki nikitaka (nani kamwambia?). Nikamjibu sina tatizo lolote, ni puto tu. Alipoondoka nililia mpaka kwikwi. Kwikwi nayo, sketi nyingine.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefika kliniki saa tatu na nusu. Mapema! Kumbe wifi kaketi kwenye benchi, ananisubiri. Nikajifungia chooni mpaka aondoke. Nesi aliniita mara tatu, nilimsikia vizuri kabisa. Wifi hakuondoka hadi saa tano.

Nafasi imekwenda. Mwaka mzima, Mungu wangu!

Jumamosi, 8 Machi
Wifi kauliza nimechagua upi. Nikamwambia niliingilia mlango wa nyuma, daktari kanipima, kakuta nimepona kabisa. Amefurahi kwa moyo wote, akanikumbatia, akaninyanyua juu juu.

Nimebadili sketi. Lakini ameamini! Hapo nimemshinda.