Mgongo wa Gathogo Kufuli

Sadruddin aliposoma ile habari kwa sauti, Mulei alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

"Rudia hapo, Gazeti! Ati dawa hakuna?"

"Hakuna." Sadruddin, mwenye duka, aliitwa Gazeti kwa sababu ndiye aliyelinunua na kuwasomea wenzake. "Sikiza. Zahanati moja huko Ruiru inataka watu wa kuumwa mgongo. Daktari anafanya utafiti. Ukipewa kadi nyekundu, unakandwa. Ukipewa ya buluu, unakaa na nesi mnaongea. Hakuna tembe, hakuna sindano."

"Hospitali bila sindano?" Mulei akapiga benchi kofi. "Hiyo si hospitali, hiyo ni kutembeleana!"

"Na hizo kadi," akadakia Njambi kutoka kwa jiko lake la chai, "mwanzo ni kadi, mwisho ni kipande kingine cha mkoloni cha kuvaa shingoni."

Ilikuwa Thika, mwaka wa hamsini na nane, kwenye benchi la mbele ya duka la Sadruddin. Njambi walimwita Jaji, maana ubishi ulikwisha aliposema umekwisha, na aliyekataa hakuongezwa chai. Mulei, mpakiaji wa katani, aliitwa Redio, na sababu mtu hakuhitaji kuelezwa. Wa nne alikuwa Gathogo, aliyebeba magunia ya kahawa. Huyo aliitwa Kufuli. Tangu amzike mkewe Waithira, alikuwa akija, akinywa, akiondoka.

Siku hiyo Gathogo alisikiliza kuliko kawaida. Asubuhi alikuwa ametoka kitandani kwa magoti, kama mtoto anayetambaa, na msimamizi wa kiwanda alikuwa ameanza kumwangalia jinsi mtu anavyomwangalia ng'ombe aliyezeeka.

"Lori ya kwenda Ruiru inaondoka lini?" akauliza.

Benchi zima likamgeukia. Kufuli imefunguka!

"Wewe Gathogo," Njambi akasema polepole, "unaumwa sana, ee?"

"Lori!" Mulei akaanza tena. "Mtu anaumwa mgongo, anapanda lori mpaka Ruiru? Akifika, mgongo wenyewe umebaki barabarani! Hapana, lazima nikupeleke. Hata mimi mgongo unaniuma."

"Tangu lini?" akauliza Sadruddin.

"Tangu uliposoma kwamba kuna kuongea."

Jumamosi wakaenda. Daktari Surekha, mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu, aliwapima wote wawili. Gathogo aliambiwa ainame akaishia magotini. Kisha wakachota kadi kutoka kwa kofia. Gathogo akapata buluu, Mulei nyekundu, daktari akaandika.

"Sasa mimi siwaoni tena mpaka mwisho," akawaambia. "Sitaki kujua mnafanyiwa nini huko ndani, nisije nikapendelea. Hata mkandaji na nesi hawajui majina yenu, wanajua kadi tu."

Alipogeuka, Mulei akamshika Gathogo mkono pale barazani, uso umemwiva.

"Kufuli, niokoe. Mimi niko na mtekenyo mbaya. Mwanamume akinigusa mbavu nitampiga teke, nifungwe."

"Na mimi nitaongea nini na nesi?" akasema Gathogo.

Wakatazamana. Kadi zikabadilishana mikono.

Basi Gathogo akaingia kwa Mahesh, mkandaji aliyekuwa na mikono kama ya mtu anayekanda unga wa chapati za harusi. Mahesh hakuuliza kitu. Alipasha mafuta, akaweka viganja juu ya ule mgongo, na Gathogo akastukia machozi yanadondoka sakafuni. Aliona haya kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Mahesh akaendelea kukanda, akiimba chini chini, kana kwamba kila mgongo hulia.

Mvua zikaanza, zikaisha, nao bado walikwenda kila Jumamosi. Mulei alirudi na hadithi, Gathogo alirudi na shati lenye mafuta na mgongo unaonyooka.

Siku ya matokeo, benchi zima lilikwenda Ruiru. Njambi alisema anataka kuona chai ya serikali inapikwaje. Daktari Surekha akasimama mbele ya watu, akamwita Gathogo ainame. Gathogo akagusa vidole vya miguu. Watu wakapiga makofi. Akamwita Mulei. Mulei akainama, akapiga ukelele, maana katani ya wiki hiyo ilikuwa nzito.

"Mmeona," akasema daktari. "Pande mbili zilikuwa zinalingana, hawa wawili ndio wameamua. Huyu aliyeongea amepona, huyu aliyekandwa bado. Kwa hivyo nitawaandikia wakubwa kwamba maneno yanashinda mikono. Chumba cha kukanda tutakifunga."

Gathogo akamwona Mahesh nyuma ya umati, anakunja taulo zake taratibu, hathubutu kumsahihisha daktari. Mulei akamkanyaga Gathogo mguu: nyamaza.

"Daktari," Gathogo akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Hapo umekosea. Ni sisi tumekukosesha. Mimi sijaongea hata neno moja. Tulibadilisha kadi."

"Ati nini?"

"Nimekandwa na huyo Mahesh. Tangu nimzike Waithira, hakuna mtu alikuwa ameniwekea mkono. Hata wa salamu nilikuwa nakwepa. Sikujua ni hilo pia lilikuwa linauma."

Hakuna aliyecheka. Njambi alijifuta macho kwa ncha ya leso, kisha akamtazama vibaya jirani aliyemwona.

Daktari akamgeukia Mulei. "Kwa hivyo wewe ndiye ulikuwa ukiongea na nesi?"

"Daktari," nesi akadakia kutoka mlangoni, ndiyo kwanza anaingia, "huyo ndiye alinifanya niombe likizo!"

Umati ukaangua kicheko. Daktari Surekha alikasirika kweli. Akawafuta wote wawili, akasema utafiti utaanza upya na watu wenye adabu. Lakini chumba cha Mahesh hakikufungwa, na Mahesh alimsindikiza Gathogo hadi kwenye lori, akamshika bega.

Lori ilipoondoka, Gathogo akaanza. Alieleza jinsi Waithira alivyomfukuza mbuzi mpaka Juja, jinsi alivyomkataa yeye Gathogo mara ya kwanza na ya pili, jinsi alivyoimba kanisani kwa sauti ya kupasua vioo. Lori ilifika Thika akiwa bado kwenye hadithi ya harusi. Walishuka, wakakaa kwenye benchi, chai ikamiminwa, akawa ndiyo kwanza anawaeleza kuhusu mama mkwe.

"Aa, hata mimi mama mkwe wangu wa Machakos..." Mulei akajaribu.

"Ngoja, sijamaliza," akasema Gathogo.

Mulei akamgeukia Jaji. Njambi akamwongezea Gathogo chai. Sadruddin akaaga, akaingia dukani. Mulei akabaki kwenye benchi na hadithi ya mama mkwe wa Gathogo, kichwa kati ya viganja, mpaka Gathogo aliponyamaza kidogo kupuliza kikombe.

"Jaji," akanong'ona, "hivi Mahesh anakanda hata masikio?"