Kiti cha Kumpima Jokofu

Jumamosi asubuhi gazeti la bondeni lilitua mezani petu, dukani kwa Dolly, na picha kubwa ukurasa wa mbele. Bustani ya mabembea ya Harlan Hollow imejenga treni mpya ya kuporomoka, jina lake Radi ya Chuma, na itaanza kazi siku ileile ya pikniki ya shule yetu. Kila mji wa bonde hili una siku yake pale Harlan. Yetu ikifika, maduka yanafungwa, kanisa linakosa wa kupiga kengele, na hata mwizi, kama tunaye, yuko kwenye foleni ya viazi.

Gazeti alilishika Breki. Huyu aliendesha basi la shule mpaka akastaafu, na hadi leo akiongea hugeuka nyuma kidogo kuangalia nani katupa karatasi.

"Sikilizeni nyie," akasema. "'Mlangoni pamewekwa kiti cha majaribio, ili wateja wenye maumbo makubwa wajipime kabla ya kupanga foleni.'"

Hakuna aliyemtazama Jokofu. Tulijitahidi sana, na hapo ndipo tulipoharibu, maana watu wanne hawawezi kutazama dari kwa pamoja bila mwenyewe kushtuka.

"Semeni tu," Jokofu akasema. "Msijivunje shingo."

Kanisani anaitwa Ron Sabolchik. Kazi yake ni kutengeneza majokofu, na Mungu alipomuumba alitumia hayo hayo majokofu kama kielelezo. Mbele yake palikuwa na kikombe cha kahawa kavu, bila sukari wala kitu cha kusindikizia. Dukani kwa Dolly, ambako donati za krimu zinatoka jikoni zikiwa bado zinatoa moshi, ile ilikuwa dharau kwa mwenye nyumba.

"Ron, tangu Kwaresima hujagusa donati," akasema Askofu. Askofu si askofu wa popote. Anapitisha kapu la sadaka, basi, lakini akikukazia macho utatoa hata ulichoficha kwenye soksi. "Pasaka imepita. Bwana kafufuka. Wewe bado unafungia nini?"

"Nafungia hicho kiti alichosoma Breki."

"Ebo! Unataka kupanda Radi ya Chuma? Wewe?"

"Mimi na binti yangu."

Breki akakunja gazeti. "Kaka, hiyo treni inapinduka kichwa chini mara tano. Wewe ukipinduka mara moja tu, bonde zima linahama."

"Mwache aseme," Dolly akafoka kutoka kaunta. "Nyie midomo yenu haina hata foleni."

Jokofu akakizungusha kikombe chake. "Mwaka jana niliketi na Tessa kiti cha mbele kabisa, treni ile ya zamani. Yule kijana wa pale akashusha chuma cha kifuani. Hakikulia. Lazima kilie kaa! ndiyo wajue kimefunga. Akakisukuma kwa goti. Kimya. Akamwita mwenzake. Wakakalia."

"Wakakalia nini?" nikauliza.

"Wakanikalia mimi, Kinyozi! Wawili! Watu wazima!"

Nakiri nilicheka. Miaka yote niliyonyoa watu mji huu nimesikia mengi pale kitini, lakini hilo la kukaliwa lilikuwa geni. Askofu alijificha nyuma ya leso, mabega yakimtikisika.

"Chekeni. Mwisho wakaniteremsha. Tessa naye akateremka, mbele ya rafiki zake wote. Tukazishuka zile ngazi ndefu, kila mtu foleni nzima anatutazama. Nikamwangalia mwanangu, machozi yanamtiririka." Akakisukuma kikombe pembeni. "Mtoto analia kwa sababu ya tumbo la baba yake. Mwakani atakuwa na leseni ya gari, ataenda Harlan na wenzake. Huu ndio mwaka wa mwisho anapanda gari langu. Nataka niketi naye mara moja, chuma kilie kaa, basi. Baadaye hata nikizimia sawa."

Kicheko kikaisha. Mtu huwezi kumtania mwenzako anapoongea hivyo, walau si kwa dakika nzima.

"Lakini kwa nini Radi ya Chuma?" akaanza Askofu. "Kuna gogo la majini. Halina chuma cha kifuani. Unakaa, unateleza, unalowa, unarudi nyumbani."

"Akikaa yeye kwenye gogo, Askofu, linageuka kuwa nyambizi," Breki akasema.

"Vigari vya kugongana je?"

"Nani atakubali kugongana naye? Bima hawalipi hiyo."

"Gurudumu kubwa?"

"Watoto wa rika la Tessa hawapandi gurudumu," nikasema. "Hilo ni la wachumba na wajane."

"Wale farasi wa mbao wanaozunguka..."

"Askofu! Binti wa miaka kumi na mitano umpandishe farasi wa mbao, rafiki zake wapo? Bora umvalishe nepi."

Breki akagonga meza. "Tulieni, aongee mwenye uzoefu. Mimi nimepeleka watoto Harlan tangu treni zote pale ni za mbao. Siri ya treni ya kuporomoka ni kiti cha nyuma. Nyuma ndiko unakorushwa sawasawa. Mikono juu, macho wazi, tumbo unalivuta ndani. Woga ni wa wanaokaa katikati."

"Tumbo la kuvuta ndani analo nani hapa?" akauliza Dolly.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," Breki akajibu. "Na huyu kainama tangu Kwaresima. Tumpime hapa hapa!"

Akanyoosha kidole dirishani. Pale Dolly ana meza moja ya zamani, imekazwa sakafuni kwa skrubu, na mabenchi yake nayo yamekazwa. Hakuna cha kusogeza. Jokofu hajakaa pale tangu Tessa alipobatizwa. Kiti chake ni kile kisicho na mikono, katikati ya njia, ambacho kila mteja hukiruka.

"Ukiingia pale ukaweza kupumua," Breki akasema, "chuma kitalia kaa."

"Watu wataona."

"Watu gani? Aibu yako tunaijua sote. Simama!"

Jokofu akasimama. Akafunga macho, akavuta pumzi, akaingia kwa ubavu. Breki akashika usukani usiokuwepo: "Taratibu! Kushoto! Nyuma hakuna mtu, njoo, njoo, njoo..." Askofu akafanya ishara ya msalaba. Dolly akaacha kahawa ikimwagika.

Akaketi. Kati ya tumbo na meza palibaki nafasi. Askofu akaingiza kiganja, kikapita. Akaingiza na leso, ikapita.

"Kaa!" tukapiga kelele wote kwa pamoja.

Sijui kilichonipata, hata nilimkumbatia Breki, mtu ambaye sijamsamehe tangu aniibie pointi kwenye mashindano ya kutupa viatu vya farasi. Dolly aligonga sufuria kwa mwiko. Jokofu alikaa pale dirishani anacheka na kulia, mikono juu ya meza, mwembamba kama jokofu la mlango mmoja.

"Mpigie Tessa!" akasema Dolly. "Mpigie sasa hivi, na uweke spika!"

Simu ikaita. Tukasogea, pua zetu karibu ziguse meza.

"Baba? Kuna nini, mama yuko salama?"

"Mama yuko salama. Mwanangu, nimeingia kwenye meza ya dirishani kwa Dolly!"

"Umeingia... mzima?"

"Mzima! Na nafasi imebaki! Radi ya Chuma, mimi na wewe, kiti cha mbele!"

Halafu sauti ndogo: "Baba, mimi nilifikiri hiyo diet ni ya daktari."

"Ni yako, mwanangu. Kwa ajili ya mwaka jana. Niliyaona machozi yako."

"Baba. Uko peke yako?"

Jokofu akatutazama. Sisi tukatikisa vichwa kumkataza asidanganye, naye kwa ujinga wake akatafsiri anavyotaka. "Peke yangu kabisa."

"Yale machozi yalikuwa ya furaha."

"Ya nini?"

"Nilikuwa naomba rozari tangu mlangoni! Naogopa zile treni kufa, baba. Tangu utotoni. Madison na wenzake wakajua ni zamu yangu, siwezi kukataa. Chuma kilipogoma kufunga nilitaka kukibusu. Wale wawili walipokukalia nilikuwa nasema moyoni, Yesu, kisifunge, kisifunge." Pua ikavutwa. "Tukaenda kukaa kwenye benchi, tukala viazi vya siki, ukanichekesha na hadithi ya jokofu la padri. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Na mwaka mzima rafiki zangu wananiona malaika, eti Tessa hawezi kumwacha baba yake chini peke yake. Sasa wewe ukitosha, mimi nitasema nini?"

Askofu alikuwa ameishiwa pumzi kwa kuzibana. Mwishowe zikamtoka zote kwa pamoja, fyuuu, kama tairi.

"Baba. Huyo ni Mzee Askofu?"

"Hapana," akajibu Askofu.

"Mungu wangu! Na Mzee Breki yupo? Na Kinyozi?"

"Shikamoo zako tumezipokea, binti," nikasema. Ningesema nini?

Tukadhani atakata simu. Kumbe hatumjui Tessa. "Basi sikilizeni wote," akasema, na sauti ilikuwa ya mama yake mtupu. "Neno likitoka nje ya mlango huo, namwambia kila mtu Mzee Breki anajificha wapi siku ya pikniki."

Tukageuka. Breki alikuwa mwekundu kuliko alama ya barabarani ya kusimama.

"Anajificha wapi?" Dolly akauliza.

"Ndani ya basi," simu ikajibu. "Kila mwaka, hata baada ya kustaafu. Anasema lazima mtu alinde basi. Hajawahi kupanda hata farasi."

"Basi halijilindi lenyewe!" Breki akafoka. Akatafuta kofia yake, nayo ilikuwa kichwani.

"Mama na ndugu yangu Brady watapanda Radi ya Chuma, wale hawana akili," Tessa akaendelea. "Mimi na wewe tutakaa benchi letu. Na Madison akienda chooni, tunapanda wale farasi wa mbao. Nataka yule mweupe. Lakini lazima kile kiti cha majaribio kikukatae mbele ya watu wote, baba. Utaweza?"

Jokofu akajifuta uso kwa mikono yote miwili. "Nitajitahidi, mwanangu."

"Dolly, pikniki ni wiki ijayo. Nakuachia wewe."

Simu ikakatika.

Dolly hakuulizwa. Alikuja na trei nzima, za krimu, za moto, akaitua mbele ya Jokofu. Askofu akazibariki, kazi ambayo hajawahi kupewa na mtu.

Kuingia kwenye ile meza, Jokofu aliingia mwenyewe. Kutoka, tulimvuta watu wanne, na Breki ndiye aliyesukuma kwa goti.