Mtoto wa Kipimo Hajalia

Kifuniko cha sufuria kililia gizani, nga-nga-nga, kama kimeshikwa na homa. Haikuwa chai. Ilikuwa simu ya Mwalimu, aliyoilaza pale juu ili ikitetemeka tu aisikie. Alfajiri hiyo Idara ya Utambuzi wa Malezi ya Kigeni ilikuwa na furaha isiyo kifani kuwatangazia walezi wote waliosomea ng'ambo kwamba leo, kwa mara ya kwanza katika historia, watatambuliwa papo kwa papo, "bila usumbufu wowote usio wa lazima."

"Usumbufu wa lazima ndio upi?" aliuliza wifi yake kutoka ndani ya shuka.

"Tutaujulia hukohuko."

Kwao, Mwalimu alikuwa amefundisha chekechea miaka sita, watoto arobaini kwa mkupuo, na jioni wote walirudi nyumbani na makamasi yamefutwa. Huku ugenini, mwaka wa pili sasa, alikuwa anapiga deki kwenye maofisi ya watu, kwa kuwa cheti chake kilikuwa "kinatafakariwa." Kwanza Idara ilitaka barua ya mtoto mmoja aliyemlea, akithibitisha kuwa amekua. Akaileta. Ikataka ushahidi kwamba watoto wa kwao hulia kwa sababu zilezile na watoto wa hapa. Akauleta, na muhuri juu. Wala haukuwa uonevu. Mtoto ni hazina, na hazina haikabidhiwi mtu hivihivi.

Leo lakini hapakuwa na kesho. Mama mwenye shule ya chekechea ya mtaani alikuwa amemwekea kazi katika darasa la wadogo kabisa, lililofungwa tangu Jumatatu kwa kukosa mlezi anayetambuliwa. "Niletee karatasi kabla ya saa sita mchana, mwanangu," alimwambia. "Ikipita hapo, chumba nakipangisha kwa fundi viatu, na mimi simlaumu mtu."

Saa tano kamili zamu yake ikafika. Aliingia na wifi yake pamoja na binti yake mwenyewe wa miaka minne, aliyeitwa Kifungo kwa udogo na uduara wake. Mezani alilala mdoli aliyefungwa blanketi. Nyuma ya meza alisimama Afisa wa Majaribio, saa ya kupimia muda ikining'inia shingoni.

"Huyu ni Mtoto wa Kipimo," Afisa alisema. "Analia. Una dakika tatu kumnyamazisha."

Mwalimu akainama, akatega sikio. "Mbona kimya?"

"Betri zimekufa tangu mwaka juzi. Maombi ya mpya yako kwenye kamati."

"Basi si amenyamaza?"

"Amenyamaza kabla hujamgusa. Sifa hiyo ni ya mtahiniwa aliyekutangulia."

"Naye alipata ngapi?"

"Sifuri. Naye alimkuta kimya."

Wifi uzalendo ukamshinda. "Sasa kaka, mtu afanyeje? Amfinye kwanza?"

"Kumfinya Mtoto wa Kipimo ni kosa la jinai," Afisa alijibu, kwa upole wa mtu anayeulizwa hivyo kila siku. Akaandika sifuri. Ilikuwa sifuri ya mia tatu na kumi na mbili, na Idara ilijivunia sana kwamba kiwango hakijawahi kushuka.

"Naruhusiwa kurudia?" Mwalimu aliuliza.

"Bila shaka. Siku yoyote akipatikana mtoto anayelia."

Mwalimu alikunja cheti chake polepole, kwa mikunjo yake ileile ya zamani ili kisichanike. Ukutani ilikuwa saa tano na nusu.

Ndipo mlango wa ndani ulipofunguka, kilio kikatangulia kutoka. Nyuma ya kilio akaja Mkurugenzi, tai imepanda begani, amemshika mwanawe wa miaka miwili kama mtu aliyebebeshwa chungu cha moto. Mtoto alikuwa wa darasa lilelile lililofungwa. Tangu Jumatatu alikuwa anakuja kazini na baba yake, na tangu Jumatatu hakuna barua iliyosainiwa.

Mikono ya Mwalimu ilikwisha kunyooka yenyewe. Afisa akamzuia. "Mikono hiyo haijatambuliwa, dada."

"Lakini mtoto analia!"

"Niachieni," alisema Mkurugenzi. "Mimi nina Shahada ya Juu ya Nadharia ya Malezi." Akamkalisha mwanawe kitini, akasafisha koo. "Mtoto mpendwa. Rejea mazungumzo yetu ya asubuhi. Unaarifiwa kusitisha kilio, na utekelezaji uanze mara moja."

Mtoto akapandisha sauti. Akapewa kalamu, akaitupa. Akapewa muhuri wa Idara, akautupa mbali zaidi, maana ulikuwa na uzito mzuri.

"Dakika tatu, Mheshimiwa," Afisa alisema. Kidole chake kilikuwa kimebonyeza saa chenyewe, kwa mazoea. "Kanuni ya tisa. Ni sifuri."

"Unanipa sifuri mimi?"

"Mimi sitoi, Mheshimiwa. Mimi naandika. Na mwenye sifuri hasaini vyeti mpaka atakapofaulu. Hadi hapo anayekaimu nafasi yake ni..." Akafunua kitabu cha kanuni. "Ni Afisa wa Majaribio."

"Makubwa!" akasema wifi.

Afisa akaufuata muhuri chini ya kabati, akaupuliza vumbi, akamgeukia Mwalimu. "Dada, mtoto anayelia amepatikana. Kanuni haisemi lazima awe wa betri."

Mwalimu akapiga magoti mbele ya kiti. "Pole, baba. Pole, mzee wangu. Nani kakuonea, eh?" Mikono yake ikashuka miguuni pa mtoto, ikahangaika kidogo. Mtoto akapiga kwikwi mbili, akamlalia begani, kimya. Sekunde kumi na tisa.

Muhuri ulipiga karatasi saa sita kasoro robo. Wifi akapiga kigelegele kisicho na kibali. Mwalimu aliupuliza wino ukauke, na shule ilikuwa hatua mia mbili tu.

Mkurugenzi alikuwa amekwenda kukaa mwisho wa benchi, mwenye sifuri ya mia tatu na kumi na tatu, daftari gotini.

"Mwalimu, nieleze kitaalamu," alisema. "Umetumia nadharia ipi? Ya mguso? Ya sauti?"

Mwalimu akawa anatafuta maneno ya adabu. Kifungo hakuyatafuta.

"Ulimvalisha kiatu cha kulia mguu wa kushoto."