Watoto Watano wa Delbert Stamper

Delbert Stamper alikuwa katikati ya kumpa Tabitha alama ya aljebra, na uamuzi ulikuwa mgumu. A ingependeza. Lakini Prudence alikwisha pata A, Amos naye A, na familia yenye A tupu hutia shaka, kama mzee wa miaka tisini mwenye meno yote. Alizungusha kalamu, akafikiri, akaandika B. Chini yake akaongeza, kwa mwandiko wa mwalimu aliyechoka: "Ana uwezo mkubwa, ila anaongea sana darasani."

Kwa kweli Tabitha hakuwa msemaji. Hakuwa chochote. Alizaliwa kwa kalamu dakika arobaini zilizopita, yeye na ndugu zake wanne, juu ya meza ya kukunjia nguo penye mashine za kufulia za Mtaa wa Pili, na baba yao alikuwa bado anasubiri soksi zikauke.

Fursa yenyewe ililetwa na akina mama wawili waliokuwa wakikunja mashuka mbele yake. Mmoja alijisifu kwamba binti yake, aliye darasa la kumi na moja, anasomea nyumbani na papo hapo anasoma chuo. Kila somo analofaulu linahesabiwa mara mbili, sekondari na chuo, na siku atakayomaliza sekondari atakuwa amekwisha vuka mwaka mzima wa chuo. Ada inalipwa na jimbo. Vitabu ni vya bure, na chuo kinamwazima mtoto kompyuta mpakato mpya. Mwenzake akauliza ni nani anayetia saini kwamba mtoto yuko tayari. Mkuu wa shule yake, akajibiwa. Na shule ya nyumbani mkuu wake ni nani? Yule mama akajigusa kifua kwa fahari.

Delbert alihisi ubaridi mtamu ukimshuka mgongoni. Shule ambayo mzazi, mwalimu na mkuu ni mtu mmoja, na mkaguzi pekee ni mbwa wa nyumbani. Akaenda kuazima kalamu.

Tumtendee haki: hakuwa mbaya kuliko wengi. Katika kaunti mbili za jirani aliwahi kuuza dhamana za mapaa ya nyumba, na mvua iliponyesha wateja wakagundua kwamba walichonunua ni karatasi. Hakimu wa mwisho alikuwa mpole. Alimwambia kwamba wakionana tena itakuwa miaka sita. Delbert alikuwa na miaka arobaini na sita, akajumlisha, akajiona ana hamsini na miwili na bado anamenya viazi vya jela. Kwa hiyo safari hii mpango ulikuwa mfupi. Angechukua kompyuta tano na mizigo ya vitabu, aviuze Jumamosi kwenye mnada wa uwanja wa maonyesho, na Jumapili awe njiani kwenda Florida.

Tawi la chuo pale Corley Bend zamani lilikuwa duka la viatu, na siku za joto bado linanuka ngozi na gundi. Mkuu wake, Lorna Vandergriff, alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwenye sweta la ndege waliodariziwa na bakuli la pipi za mnanaa mezani. Alipitia makaratasi ya Delbert polepole, moja moja, akilamba kidole.

"Amos kazaliwa Machi," alisema. "Na Tabitha, Agosti. Mwaka huohuo."

Delbert akainamisha macho. "Tabitha ni wa dada yangu, mama. Tulimchukua akiwa mchanga. Hatupendi kulitaja mbele yake."

"Maskini. Na huyu Hiram, wa Oktoba?"

"Wa dada mwingine."

"Mna dada wengi."

"Baba yetu alikuwa mtu wa kanisani."

Bibi Vandergriff aliweka mkono kifuani na kumsogezea pipi. Kisha akaomba leseni ya udereva ya mlezi. Delbert alitoa iliyo halali, kwa sababu leseni za bandia zilikuwa zimepanda bei na yeye hakukusudia kukaa. Mama yule akatoa nakala, mbele na nyuma, halafu akampa fomu tano zenye vibandiko vya njano pale penye kutiwa saini. Delbert alitia saini kila penye njano bila kusoma. Mtu aliyezoea kuwaandikia wenzake maandishi madogo aghalabu hayasomi ya kwao.

"Kompyuta na vitabu vinatoka siku ya kumi na tano ya masomo," Bibi Vandergriff akasema, akibana karatasi. "Zamani tulitoa siku ya kwanza. Lakini watu wamekosa uaminifu."

Delbert alitikisa kichwa kwa masikitiko, akakubali kwamba dunia imeharibika.

Kwa hiyo alilazimika kusoma. Siku kumi na tano za masomo ni wiki tatu, na kwa wiki tatu alikaa kwenye kompyuta ya maktaba ya mji, akiingia darasani mara tano kwa siku kwa majina matano. Somo lilikuwa Uandishi wa Insha, na mwalimu wake, Bwana Crowder, alifundisha kwa mtandao. Kila wiki alitupa swali kwenye ubao wa mjadala, na kila mwanafunzi alitakiwa atoe maoni yake na kuwajibu wenzake wawili, kwa heshima.

Swali la kwanza lilihusu simu darasani. Delbert aliandika maoni matano, kisha akakumbuka kwamba anadaiwa majibu kumi. Hakutaka kuzoeana na wanafunzi wageni, akaona heri wanawe wajibizane wenyewe. Amos akamwambia Tabitha kwamba hoja yake ni ya kitoto. Tabitha akajibu kwamba mtu anayeanza kila sentensi na "kila mtu anajua" kwa kawaida hamjui hata mmoja. Delbert alicheka peke yake hadi mkutubi akamtazama. Halafu ikabidi awe Amos, na kama Amos jibu lile lilimuuma. Ugomvi ule ulichukua siku tatu. Prudence alijaribu kuwapatanisha, wote wawili wakamgeukia. Alhamisi mchana Delbert alikuwa ndani ya gari lake, anakula maharage na mkate wa mahindi, na badala ya kupanga njia ya Florida alikuwa akitafuta maneno ya kumnyamazisha Tabitha.

Wiki ya pili uchovu ulimshinda. Insha ya Leland, mmoja wa wale watano, aliitoa kwenye ya Tabitha, akabadilisha maneno mawili matatu, akaituma. Kesho yake Bwana Crowder, kijana mrefu mwenye tai fupi, akamwita mzazi ofisini.

"Sipendi kumwambia mzazi hivi," alisema. "Leland amedesa kwa dada yake."

Delbert aliona masikio yakipata moto. "Una hakika si Tabitha aliyedesa kwa Leland?"

"Tabitha?" Mwalimu alitabasamu kama mtu aliyeulizwa kama jua huiba mwanga wa kibatari. "Yule binti ana kipaji, Bwana Stamper. Leland anapenda njia za mkato. Nyumbani hamjaona dalili?"

"Mama yake alimdekeza," Delbert akasema, na alishangaa kusikia hasira ya kweli katika sauti yake. Aliahidi kuongea na kijana. Alipofika kwenye gari akafunga mlango, na mambo aliyoyasema mle ndani yalikuwa makali kiasi. Leland akaandika upya, kwa jasho lake mwenyewe, akapata C. Delbert aliiona ni ya haki.

Siku ya kumi na tano alifika saa mbili kasoro asubuhi, turubai likiwa tayari limekunjuliwa nyuma ya gari. Maboksi matano yalikuwa yamepangwa ofisini, yanang'aa. Alikuwa ameshika la kwanza aliposikia mlango ukifungwa nyuma yake.

"Kaa, mwanangu," Bibi Vandergriff akasema, na akammiminia kahawa. Alimweleza mambo kwa utaratibu, kama mtu anayefundisha kufuma. Asubuhi ile jimbo lilikuwa linahesabu wanafunzi. Darasa la insha likiwa na wanafunzi chini ya kumi na wawili linafutwa. Darasa hilo likifutwa, tawi linafungwa, na jengo linarudi kuwa duka la viatu. Yeye alikuwa na wanafunzi saba.

"Kumi na wawili," Delbert akamsahihisha.

"Saba. Halafu wapo watano wako."

Delbert aliutazama mlango, kisha boksi. Alianza kusema kwamba wanawe walikuwa na mafua, lakini mama yule aliinua kidole.

"Una dada mmoja tu, yuko Dayton, na hana mtoto. Nilimpigia simu siku ileile uliyokuja. Anakusalimu. Anauliza friji lake liko wapi."

Wengine hapo wangelia. Delbert alikuwa fundi, akabadili gia. Akavuta kiti karibu, akashusha sauti, akasema kwamba basi wao ni washirika: yeye amemletea watoto, naye mama ameokoa tawi, kila mmoja achukue chake, waagane kwa wema. Kama mama angetaka polisi, angekwisha waita.

"Polisi wangenipunguzia wanafunzi watano," Bibi Vandergriff akakubali. "Kompyuta chukua, ni za watoto. Kila moja inafunguka kwa jina la mwenyewe tu, na mimi naona kwenye skrini hii mahali ilipo. Mnada wa uwanjani naufahamu. Ukivuka daraja la kutokea mjini nitajua pia."

Kisha akafungua zile fomu tano kwenye ukurasa wa tatu na kumwachia asome. Delbert alisoma. Mwanafunzi akitoweka au akifeli kabla ya muhula kuisha, faili lake lote, pamoja na nakala ya leseni ya mlezi, linapelekwa kwa mwendesha mashtaka wa kaunti. Akisoma hadi mwisho na kufaulu, faili linafungwa Desemba na kuwekwa kabatini.

"Wote watano wafaulu?"

"Wote. Huyo Leland ananitia wasiwasi."

Delbert alikokotoa kichwani. Upande mmoja miaka sita. Upande mwingine wiki kumi na tatu, mara watoto watano. Aligeuza hesabu ile huku na huku, akatafuta ufa wa kupenyea, maana katika maisha yake hakuwahi kuona karatasi isiyo na ufa. Hii haikuwa nao. Iliandikwa na mtu aliyejua anachofanya.

"Mama," alisema mwishowe, bila chuki, kwa heshima ya fundi kwa fundi, "wewe ni tapeli."

"Mimi ni mwalimu. Mwaka wa thelathini na moja huu." Alimsogezea bakuli. "Chukua pipi. Na Januari darasa la hesabu litapungukiwa watatu. Kwenu hakuna wapwa?"

Jumanne ya wiki iliyofuata, saa kumi na mbili kasoro jioni, Delbert alikuwa maktaba, kompyuta tano zimejipanga mbele yake kama sahani za wageni. Insha kubwa ya kwanza ilitakiwa Jumatano saa sita mchana. Swali: Je, elimu ya chuo iwe bure kwa wote? Tabitha alikuwa amesema ndiyo, kwa kurasa nne ambazo Delbert alizisoma mara mbili kwa kujifaharisha. Amos alisema hapana, na kwa mara ya kwanza aliacha kuandika "kila mtu anajua". Prudence aliona ukweli uko katikati. Leland alikubaliana na Amos, lakini kwa maneno yake mwenyewe, na sentensi mbili kati ya alizoandika zilikuwa na maana.

Alibaki Hiram, na pande zilikuwa zimekwisha. Delbert aliitazama karatasi nyeupe. Alitambua kwamba huyu mtoto wa mwisho hamjui kabisa. Alimwandika haraka siku ile, mashine ya kukaushia ilipoanza kulia, na tangu hapo Hiram alikuwa akipata C+ bila kumsumbua mtu. Alijaribu kumwanzisha na takwimu, ikawa ni Amos. Akajaribu kumpa machozi kidogo, akatoka Prudence.

Mkutubi alianza kuzima taa upande wa magazeti. Alipofika mezani akauliza kama amebakiza wengi.

"Mmoja," Delbert akasema. "Mgumu huyu."

"Wa mwisho huwa hivyo," akasema mkutubi, ambaye alikuwa na wanne wa kweli. Akampa dakika tano.

Delbert alifunga kompyuta nne, akazipanga kwenye boksi. Mbele ya ile ya tano alikaa akitafuna ncha ya kidole, halafu akaandika sentensi moja: "Baba yangu anasema chuo si bure hata kidogo."

Akaisoma tena. Haikuwa mbaya. Ilikuwa na sauti yake yenyewe, hakuna nduguye ambaye angeiandika. Ila haikuwa na ushahidi, na Bwana Crowder bila shaka angetaka ushahidi, aya tatu kwa uchache. Taa ya juu yake ikazimwa. Akahifadhi ukurasa, akabeba boksi lake hadi kwenye gari. Maktaba ingefunguliwa saa tatu asubuhi, na Hiram angetoa ushahidi hapo.