Mashine Thelathini na Sita za Kufukuza Panya

Jumatatu, 3 Juni
Leo saa nne asubuhi nimepoteza mashine thelathini na sita za kufukuza panya kwa sauti. Zimebebwa dukani kwangu, nikitazama, na mkaguzi wa serikali, mtu mwembamba mwenye miwani, mpole kupita kiasi. Angenifokea ningejua la kufanya. Alisema samahani mara nne! Ya thelathini na saba ilikuwa nyuma ya pazia, hakuiona. Matokeo: wao 36, mimi 1. Mchezo bado.

Bi Mitego wa duka la mkabala, anayeuza mitego ya waya tangu enzi za marehemu mumewe, akasimama mlangoni kuuliza kama nahama. Nikamwambia nafanya hesabu ya mali. Akasema basi leo hesabu nyepesi.

Kabla ya adhuhuri shemeji, kaka wa mke wangu, kashapiga simu. Mimi ndiye niliyeacha kazi kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi mwezi wa pili, mbele ya wateja, nikiapa sitapima tena misumari ya mtu. Ameniambia nafasi yangu ipo. Kwa sauti ya huruma! Huruma!

Jumanne, 4 Juni
Ofisini kwa mkaguzi. Nilikwenda na hoja saba, nikatumia mbili. Kumbe sheria iko upande wangu! Anasema dawa ya panya lazima ipimwe na isajiliwe. Lakini kifaa kinachotumia sauti, mwanga au mtego tu hakisajiliwi kama dawa. Kinatakiwa kuwa na namba ya kiwanda kilichokitengeneza (ipo, chini, nimeiona) na maneno ya kwenye boksi yawe kweli. Basi! Nikasimama nimpe mkono. Akaniomba nikae.

Boksi linasema: "Panya wote nje kwa saa moja. Imethibitishwa na serikali." Akauliza serikali ipi. Nikamwambia hii hii. Akauliza lini. Nikamwambia nilijua mtathibitisha tu, nikawatangulia. Maneno hayo nimeyachapisha mwenyewe, rangi mbili, na hakuna hata mmoja pale ofisini aliyesifu herufi.

Nina mpaka Jumatatu ijayo kuonyesha kwamba mashine inafanya inachosema. Nikishindwa, zote zinasagwa. Kusagwa! Kisha mimi na misumari ya shemeji.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata! Sauti peke yake labda haitoshi, basi isaidiwe. Nimefungua ile ya nyuma ya pazia, nikapachika ndani pamba iliyolowa dawa ya panya. Sauti na dawa, mbili kwa moja! Nikakimbia nayo ofisini, jasho linanitoka. Mkaguzi akainusa. Akavua miwani. Akaniambia, mzee wangu, jana ulikuwa na kifaa, leo una dawa isiyosajiliwa yenye plagi. Kuisajili ni maabara, majaribio, miezi na miezi. Na kuiuza hivyo ni kosa jipya juu ya lile la zamani. Akanisihi, kama ndugu, niitoe ile pamba wakati yeye anatazama dirishani.

Nikaitoa. Ndipo akauliza, taratibu, hii ya thelathini na saba imetoka wapi.

Ijumaa, 7 Juni
Jaribio halisi. Stoo ya nyumbani, gunia la unga, ile mashine ya thelathini na saba (mkaguzi kaniachia kwa jaribio tu) kwenye soketi tangu jana jioni. Asubuhi nikafungua mlango, mke wangu nyuma yangu. Panya tisa! Siku zote tulikuwa na watatu. Mashine hupata joto kidogo, nao walikuwa wamelala juu yake na kuizunguka kama wajukuu kwa bibi yao. Mmoja alinitazama kama mimi ndiye niliyeingia bila hodi.

Mama watoto akapiga picha kwanza, ndipo akapiga kelele. Picha imekwenda kwa kaka yake. Saa tano likaletwa koti langu la zamani la kazini, limefuliwa, limepigwa pasi. Mfukoni misumari miwili. Uchokozi mtupu!

Jumamosi, 8 Juni
Furaha imeninyima usingizi! Mkaguzi alitaka nini? Maneno ya kweli. Na kweli ni ipi? Watatu wamekuwa tisa. Ongezeko la asilimia mia mbili kwa usiku mmoja, na picha ipo! Nimechapisha boksi jipya: "Mashine ya Kukusanya Panya. Huwaleta wote mahali pamoja." Bi Mitego alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakubali tuuze pamoja: mimi nawaita, yeye anawapokea. Mama mwenye akili, sijawahi kusema vingine.

Tatizo, upande mmoja wa boksi ulibaki mtupu. Nafasi tupu huniuma. Nimeongeza: "Huua vijidudu asilimia 99.9, chumba kizima." Havionekani, nani atavihesabu?

Boksi na barua nimeviacha mlangoni pa ofisi yake. Nakala hii hapa: "Bwana Mkaguzi, maneno mapya hayo, yasome pande zote nne. Mnanirudishia mashine zangu thelathini na sita au hamnirudishii? Sitaki samahani, sitaki maelezo. Nijibu ndiyo au hapana, kabla ya Jumatatu saa sita mchana."