Kuanguka kwa Bawabu wa Lango la Kwanza

Kwa niaba ya Bodi ya Ukaguzi wa Michezo ya Skrini, nina heshima kubwa kuutangazia umma kwamba Bawabu wa Lango la Kwanza, aliyekwamisha shughuli za Bodi hii kwa muda mrefu, ameanguka. Aliangushwa na Mwenyekiti wetu kwa mkono wake mwenyewe, ofisini, katika saa za kazi. Mimi, Katibu wa Bodi, nilikuwepo, nimemshikia glasi ya maji.

Kwa wasiofahamu, sheria inataka kila mchezo wa skrini ukaguliwe kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla haujauzwa. Msichana mmoja, ambaye sote tulimwita Fundi, alituletea mchezo alioutengeneza kwenye meza ya kulia chakula nyumbani kwa mama yake. Ndani yake kuna shujaa mwenye upanga anayepita malango saba, na kila lango lina bosi.

"Bosi ni nini?" Mwenyekiti aliuliza.

"Ni jitu kubwa linalokuzuia kwenda mbele," Fundi akajibu.

Mwenyekiti akaagiza iandikwe kwamba maelezo hayo yana upungufu.

Suala la kwanza lilikuwa itifaki. Nani acheze? Tulikaa kikao, tukaahirisha, tukakaa tena, tukaazimia kwamba mtumishi wa chini hawezi kupita lango ambalo mkubwa wake hajalipita. Mwenyekiti angetangulia, sisi tungemfuata kwa kufuata vyeo.

Akavua koti, akashika joistiki, kile kishikio cha kuchezea, kama anavyoshika kipaza sauti, akaingia uwanjani. Bawabu ni mnene, amevaa chuma, ana rungu. Mwenyekiti alimwendea moja kwa moja, kifua mbele. Bawabu akamponda.

"Hakuniona vizuri," alisema Mwenyekiti.

Akarudi, akapondwa. Akarudi kwa hasira, akibonyeza vitufe vyote kwa pamoja, akapondwa kabla hajafika.

"Binti, huyu Bawabu anajua mimi ni nani?"

"Hajui, mzee. Ni mchezo tu."

"Basi mjulishe."

"Naweza kukuwekea kiwango chepesi, mzee. Hata watoto wadogo wana..."

"Mimi? Nimwombe bawabu anihurumie?"

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Kazi zote zilisimama, kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa uwanjani na hakuna aliyethubutu kumpita. Fundi alikuja kila asubuhi akasubiri koridoni. Mjomba wake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa amemwambia wazi: kibali kisipotoka mwisho wa mwezi, aache mambo ya kitoto aje auze misumari. Msichana alikuwa akilisema hilo huku anacheka, lakini kucha zake alikuwa amezitafuna zote.

Koridoni ndipo alipozoeana na Mama Masjala, anayetunza mafaili yetu. Binti yake Mama Masjala alikuwa amejifungua huko mbali, na kila alipoomba likizo akamwone mjukuu alifokewa hadi akatoka mlangoni kinyumenyume. Mjukuu ameshaanza kukaa, bibi hajamwona.

"Hebu niambie, mwanangu," alimuuliza Fundi. "Hawa mabosi wako, mtu anawashindaje?"

"Usimpige kwanza, mama. Mwangalie. Kila bosi ana mapigo yake, na anayarudia yale yale. Huyu Bawabu anapiga kulia, anapiga kushoto, anapiga chini, halafu anahema. Akihema ndipo unaingia. Unapiga mara moja, unatoka. Wengi wanakufa kwa tamaa, wanataka kumaliza yote kwa mkupuo."

Mama Masjala aliitikia kwa kichwa taratibu. Kesho yake aliingia kwa Mwenyekiti na karatasi ya likizo nyuma ya mgongo, nami nikaona jambo ambalo, kwa miaka yote niliyotumikia Bodi, sikuwahi kulitambua.

Mwenyekiti alipiga meza. Mama Masjala akasogea hatua kando.

"Unajua mimi nimeanza kazi lini?" akanguruma Mwenyekiti. Mama akainamisha kichwa, maneno yakampita juu.

Kisha ikaja ile hadithi ya alivyowahi kusafiri na ujumbe wa viongozi. Mama aliisikiliza yote, akashangaa palipostahili kushangaa. Hadithi ikaisha, koo likamkauka Mwenyekiti, akanyoosha mkono kuchukua glasi ya maji. Mtu anayekunywa maji hawezi kufoka. Karatasi ikatua mezani, kalamu juu yake. Mkono wa pili wa Mwenyekiti, ambao haukuwa na kazi, ukasaini.

"Ahsante, mzee," alisema Mama, akatoka. Hakuomba na nauli.

Alipokwenda na kurudi, na picha za mjukuu zikiwa zimezunguka ofisi nzima, ufanisi wa watumishi ulikuwa umepanda kwa kiwango cha kuridhisha. Dereva alipata matairi. Mpokezi alipata kiti chenye mgongo. Mimi mwenyewe nilipata feni. Nilichotakiwa kufanya ni kuhakikisha glasi ya Mwenyekiti haikauki, na hilo nililisimamia kwa uadilifu.

Aliyebaki mikono mitupu ni Fundi. Kibali chake hakikuhitaji saini peke yake, kilihitaji Bawabu aanguke. Mwezi ulipokaribia kwisha, alivuta kiti akaketi kando ya Mwenyekiti. Akamwacha apige meza, angurume, asafiri na ujumbe wa viongozi. Glasi ilipofika mdomoni, akasema:

"Mzee, ukiwa kikaoni, mtu mdogo akipayuka, unafanyaje?"

Mwenyekiti alimeza. "Namwacha amalize. Halafu namaliza mimi."

Mimi ndiye ninayeandika mihtasari ya vikao vyote na sijawahi kuona hilo likitokea, lakini niliitikia kwa kichwa.

"Basi mwache na Bawabu amalize."

Mwenyekiti akaingia uwanjani. Bawabu akapiga kulia, akapiga kushoto, akapiga chini. Jasho lilimtiririka Mwenyekiti kwa uchungu wa kusubiri. Bawabu akahema. Mwenyekiti akapiga mara moja, akatoka. Wakaendelea hivyo hadi lile jitu likapiga magoti, likaporomoka. Mwenyekiti alilia. Alitukumbatia wote, akatoka nje akamkumbatia hata mlinzi wa getini, ambaye alidhani anafukuzwa kazi.

Yalibaki malango sita. Mwenyekiti alijifungia ofisini na bosi wa pili, akakataza asisumbuliwe. Ndipo Waziri alipofika, ziara ya kushtukiza, koti la kijivu na wasaidizi nyuma. Akagonga mlango.

"Nani?"

"Waziri."

"Asubiri! Niko na bosi!"

Waziri alitutazama, akatazama mlango. Nilimwona akihesabu kichwani watu walio juu yake. Ni wachache mno, na wote wanatisha.

"Amekuja lini?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Yuko humo tangu asubuhi, mheshimiwa," nilisema, na sikusema uongo.

Waziri alinyoosha tai, akaketi pembeni ya Fundi, magoti pamoja. Kutoka ndani zikasikika sauti: "Njoo! Njoo, mshenzi wewe!" Waziri akafumba macho. Halafu mlango ukafunguka kwa kishindo, Mwenyekiti akatokea shati nje, macho mekundu.

"Nimemuua!" alipaza sauti. "Nimemuua bosi!"

Msaidizi mmoja alizimia. Waziri aliinuka akachungulia ndani, akaona skrini, akaona jitu lenye mabawa limelala chali. Kilichofuata kilifuata utaratibu tunaoufahamu. Alipiga meza. Aliuliza kama tunajua yeye ni nani. Alisimulia alivyopigania nafasi yake. Mwenyekiti alisimamishwa kazi pale pale, na Mama Masjala, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, akaambiwa akaimu. Koo likamkauka Waziri.

Mama Masjala alikuwa ameshamimina maji. Waziri alipoinua glasi, kibali cha Fundi kilikuwa chini ya mkono wake wa pili.

"Ahsante, mheshimiwa," alisema Fundi. Alishuka ngazi akikimbia, tukamsikia akimpigia mjomba wake simu kabla hajafika getini.

Mwenyekiti wa zamani anaendelea vizuri nyumbani. Mkewe anasema amekuwa msikivu, ila yeye akipika lazima amwombe mumewe asimzunguke kwa nyuma kama bosi wa lango.

Mimi ningali Katibu. Mwenyekiti mpya hafoki, hasimulii safari, na maji anakunywa anapoona kiu. Utaratibu huu umenipa tabu. Juzi nilikwenda kumwomba ruhusa ya kwenda hospitali kupima macho, nikasimama mlangoni, karatasi nyuma ya mgongo, nikisubiri apige meza.

"Nenda, Katibu," alisema bila kuinua kichwa.

Nikaendelea kusimama.