Malalamiko juu ya Madame Mado, Aliyekataa Kumfungulia Dada Yangu

Lubumbashi, Commune ya Kamalondo

Kwa Papa Dominique, Président wa Umoja wa Wauzaji wa Jumla na Wasafirishaji Watokao Kivu

Papa Président,

Kwa heshima yote unayostahili, naanza kwa kuuliza hali ya nyumbani na ya mgongo wako. Mimi ni mzima wa mwili. Tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi, moyo ni jambo jingine.

Nakuandikia kuhusu Madame Mado Nkandu, mtaalamu wa kompyuta uliyetuletea wewe mwenyewe, ukisema ndiye anayejua mambo ya wingu. Wingu, kwa wanachama ambao balaa hili halijawafikia, ni kuchukua habari zote za biashara yako, majina ya wateja, malori, madereva na wanapokaa, na kuziweka kwenye mashine za watu usiowajua, mbali, halafu unazifikia kwa internet. Nilikubali. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. Alitudharau tangu asubuhi ya kwanza. Ofisini tulikuwa na neno moja la siri, jina la marehemu mama yangu, na tulilijua sote: mimi, karani Bénit, mlinzi, hata mama anayetuletea chai. Huo ndio udugu. Madame Mado akacheka, mdomo umejaa karanga, akaniambia mbele ya wafanyakazi wangu: "Papa Edmond, code yenye bantu bote banajua, haiko code." Akampa kila mtu neno lake, na juu ya neno, simu ya kuthibitisha. Siku hizi ili nione bei ya sabuni yangu mwenyewe lazima simu yangu inipe ruhusa. Mimi ni mtu mzima. Simu niliinunua juzi.

2. Alifunga akaunti ya Chadrack, aliyetuacha na kwenda kwa mshindani wetu. Nilimweleza kwamba Chadrack ana adabu, na kwamba akiingia mara kwa mara kwenye bei zetu ni kwa sababu anatukumbuka. Hakunielewa.

3. Alifanya mazoezi ya msiba. Hapa naomba usome polepole. Serveur yetu, ile mashine kubwa yenye kazi yote ndani, ilikaa Goma, chini ya ngazi, pembeni ya friji. Dada yangu Émerance, anayeongoza tawi la kule, aliifunika kwa kitambaa kizuri. Ilikuwa salama kabisa. Jumamosi moja Madame Mado akatuita kazini, akasema: "Leo Goma haiko tena. Turudishe kazi yote kutoka kwenye nakala." Tangu lini watu wakafanya répétition ya matanga? Na tena nakala yenyewe ikaonekana ni tupu. Kwa miezi mingi ilikuwa inajinakili bure. Mtu mwenye haya angeishia hapo. Yeye akaitengeneza, akatuita tena Jumamosi iliyofuata, mpaka kila kitu kikarudi. Wiki chache baadaye Goma ikaanguka kweli. Ofisi ikaporwa, serveur ikabebwa pamoja na friji. Jumatatu sisi tukauza kama kawaida. Wenzetu wote wanalia, sisi tunauza! Unadhani walitutazamaje? Simshtaki kwa lolote. Nasema tu kwamba alijua.

4. Sasa nafika kwenye lenyewe. Siku zile Émerance hakupatikana. Madereva wetu walikuwa wametoa familia nyingi mjini kwa malori yetu, na watu wenye silaha walikuwa wanawatafuta madereva hao. Madame Mado, bila kuniuliza, alifunga milango yote ya Goma: hakuna simu wala kompyuta ya kule iliyoweza kuingia kwenye habari zetu. Mchana mmoja ujumbe ukafika kutoka kwenye simu ya dada yangu, ambaye huniita yaya, yaani kaka mkubwa: "Yaya, nifungulie. Nataka kujua madereva wanakaa wapi, niwasaidie haraka."

Nililia, Papa. Dada yangu yu hai! Nikamwambia Madame Mado afungue. Akasoma, akasema: "Apige simu. Nisikie sauti yake." Nikaandika hivyo. Jibu: mtandao mbaya. Akasema: "Basi aandike jina yenye mama yenu alikuwa anamuita ku nyumba." Ujumbe ukajibu kwamba huu si wakati wa michezo. Nilimwelewa kabisa, hata mimi ningekasirika. Tangu lini mtu akamhoji dada yake kama polisi wa mpakani? Nilipiga magoti, Papa Président, mimi Edmond, juu ya saruji, mbele ya karani wangu. Madame Mado akafunga kompyuta yake, akalia na yeye, lakini hakufungua. Ujumbe wa mwisho ulikuwa matusi. Baada yake, kimya.

Wiki zimepita. Sina dada, na mwanamke huyo anaendelea kula karanga.

5. Hajaomba msamaha.

Kwa hiyo naomba Umoja umkataze kufanya kazi kwa mwanachama yeyote. Naomba pia kila mwanachama aandike neno lake la siri kwenye ubao wa ofisi ya Umoja, karibu na mlango, kwa herufi kubwa, ili siku ya shida ndugu asikose wa kumfungulia ndugu yake. Ubao nitautoa mimi.

Nisalimie Mama Constance, watoto, majirani wa ua wote, na wale wa kanisani wanaoniulizia.

Nabaki mtiifu wako, mwenye uchungu,

Edmond Musubao

P.S. Papa, bahasha ilikuwa bado mezani nyumbani Émerance alipoingia mlangoni, amekonda, amevaa viatu vya mtu mwingine. Amepita Rwanda, Tanzania na Zambia, akaingia Kongo kwa mpaka wa Sakania. Simu yake alinyang'anywa kwenye kizuizi siku ileile mji ulipoanguka. Hajaniandikia hata neno moja. Madereva wote wako hai, na wake zao. Tafadhali barua hii usiisome mkutanoni.

Alipomaliza kula aliniuliza ni nani aliyeshika funguo za habari zetu siku zile. Nikamtajia. Akasema: "Na kama ingekuwa weye, yaya?"

Nilichukua sahani yake nikaenda kuiosha, jambo ambalo sijawahi kulifanya katika nyumba hii.